Dhamira haziibuki zenyewe: dhana potofu kuhusu kusimba data za mahojiano

"Baada ya kuchambua mahojiano, dhamira zifuatazo ziliibuka." Sentensi hii naikuta karibu katika kila tasnifu inayoletwa kwangu, na chini yake orodha ni ileile: uelewa, mtazamo, changamoto, mapendekezo. Ukifungua mwongozo wa mahojiano kwenye kiambatisho, unayakuta maneno hayohayo kwa mpangilio uleule. Hapo hakuna kilichoibuka. Mtafiti ameyarudisha maswali yake na kuyaita matokeo.

Dhamira, yaani wazo kuu linalounganisha maelezo ya waliohojiwa, huijenga wewe mtafiti. Virginia Braun na Victoria Clarke, ambao makala yao ya mwaka 2006 hutajwa mno na wanaofanya uchambuzi wa dhamira, waliikataa lugha ya "kuibuka" ndani ya makala hiyohiyo. Inaniudhi kuona wananukuliwa kutetea jambo walilolipinga.

Tuseme mama mmoja anaeleza kliniki ya wajawazito: "Nesi aliniuliza mume yuko wapi kabla hajaniuliza naumwa nini." Wanaposimba, yaani kukipa kila kipande cha maelezo lebo fupi (msimbo), wengi wataandika pembeni "changamoto za huduma". Msimbo huo ungetosha hata kwa foleni au uhaba wa dawa, kwa hiyo hausemi kitu. Andika "kuulizwa mume kabla ya hali". Ukifika kwa mwingine anayesema alimlipa kijana wa bodaboda asimame kama mumewe, utaona maelezo hayo mawili yanaitana. Andika memo, yaani maelezo mafupi ya unachokiwaza kuhusu data, siku hiyohiyo, usingoje! Baadaye dhamira itakuja kama sentensi kamili: "Mwanamke hupokewa kliniki kwa kuonyesha mwanamume." Hilo ni dai. Linaweza kupingwa, na ni wajibu wako kurudi kwenye nakala za mahojiano umtafute mama aliyekwenda peke yake akapokewa vizuri. Neno "changamoto" halipingwi na yeyote, ndiyo maana dhamira ya neno moja huwa naikataa.

Wapo wanaoamini NVivo, programu ya kompyuta ya kusimbia data, itawachambulia. Inatunza, inapanga, inatafuta. Kuamua kipande hiki kina maana gani ni kazi yako. Kwa mahojiano 12, karatasi na kalamu za rangi zinatosha kabisa.

Wengine huhesabu: "Waliotaja ni 9 kati ya 15, basi hii ndiyo dhamira kuu." Sampuli uliiteua kwa makusudi, na pengine 9 walitaja kwa sababu uliwauliza. Aliyemlipa kijana wa bodaboda ni mmoja tu, lakini bila yeye usingejua wanawake wanaukwepaje utaratibu ule.

Kuhusu kappa ya Cohen, kipimo cha kiasi ambacho wasimbaji wawili wanakubaliana, inafaa pale timu inapotumia kitabu cha misimbo kilichokwisha kukubaliwa, chenye maelezo ya nini kinaingia na nini hakiingii. Ukisimba peke yako kwa njia ya Braun na Clarke, huihitaji. Mtahini akiuliza, mfungulie memo zako na umwonyeshe misimbo ilivyobadilika kutoka duru ya kwanza hadi ya mwisho, na kwa nini.