Bomba limeshalazwa, mbona barabara bado imefungwa?

Swali hili huulizwa kila mtaro unapochimbwa kwenye barabara yenye shughuli nyingi kama zile za Kariakoo, na wanaouliza wana haki. Maduka yamekosa wateja, daladala zimebadilishiwa njia, vumbi limejaa kila mahali. Lakini kulaza bomba ndiyo sehemu nyepesi. Kazi huharibika au hutengemaa baada ya hapo, pale ambapo mpita njia anaona mafundi "hawafanyi kitu".

Mabomba ya zamani ya majisafi mengi ni ya chuma, au ya saruji iliyochanganywa na asbestosi. Chuma huliwa na kutu, na udongo wa pwani wenye chumvi huharakisha. Saruji hulainika polepole, kisha lori zito likipita juu yake bomba hukatika kama muhogo. Bomba la majitaka la zege lina ugonjwa wake: uchafu uliotuama hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, haidrojeni salfaidi, ambayo bakteria wanaoishi kwenye dari la bomba huigeuza kuwa asidi ya salfuri. Dari likishaliwa, mchanga wa juu huanza kuporomokea ndani na kuzolewa na majitaka. Barabara hubaki imelalia pango, na lami haionyeshi dalili yoyote mpaka gurudumu litumbukie.

Ila linalotia hofu zaidi ni mgao wa maji. Maji yakifungwa, presha hushuka, na ufa uliokuwa ukivujisha maji nje huanza kunyonya kilicho jirani. Kilicho jirani kikiwa ni majitaka, kipindupindu kimepata njia. Kwa hiyo barabara ikishakatwa, mabomba yote mawili yabadilishwe kwa pamoja, na la majisafi lipite juu ya la majitaka kwa angalau sentimita 45. Nafasi ikiruhusu, ubavuni yaachane mita 3. Mtaa mwembamba hauna mita 3, basi kile kimo cha sentimita 45 kisichezewe hata kidogo.

Kijiko hakianzi kuchimba kabla ya mashimo ya majaribio ya mkono. Michoro ya zamani hudanganya, na nyaya za umeme na za intaneti hukaa pasipotarajiwa. Mtaro ukizidi kina cha mita moja na nusu lazima kingo zikingwe kwa vyuma au mbao, na kifusi kikae mbali na ukingo, maana mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Penye mchanga na maji ya ardhini yaliyo karibu, pampu huvuta maji usiku na mchana. Zikizimika, sakafu ya mtaro hugeuka uji na bomba hupoteza mwinamo. Bomba la majitaka la milimita 200 linahitaji kushuka angalau sentimita 40 kwa kila mita 100. Likipungukiwa, kinyesi hutuama, na ile asidi huanza upya.

Ipo njia ya kupasua bomba la zamani chini kwa chini huku jipya likivutwa nyuma yake, na inaokoa lami. Lakini jipya hufuata njia ya la zamani, pamoja na mabonde yake yote, yaani pale lilipodidimia. Penye bonde, chimba. Na bomba la asbestosi halikatwi kwa msumeno wa umeme likiwa kavu: hulowanishwa na hukatwa taratibu, fundi akiwa na barakoa maalumu, kwa sababu nyuzi zake husababisha saratani ya mapafu.

Sasa bomba limelala kwenye tandiko la mchanga la sentimita 10 hadi 15. Mchanga mwingine hushindiliwa kwa mkono ubavuni mwake, kisha juu yake hadi sentimita 30, ndipo mashine iingie, tena kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20. Mkandarasi anayemwaga udongo wote mara moja na kupitisha mashine juu anashindilia ngozi tu. Mvua za masika zikija, mtaro hutitia, lami hukatika na maungio ya bomba huachia.

Upimaji hufuata. Maji hujazwa kutoka upande wa chini ili hewa itokee juu, presha hupandishwa hadi mara moja na nusu ya ile ya kawaida. Bomba la plastiki hutanuka kwanza, hivyo presha hushuka kidogo hata pasipo na uvujaji. Fundi mwenye haraka hapo hutafuta tobo lisilokuwepo, au hulipuuza lililopo.

Kisha kuua vijidudu. Mita 500 za bomba lenye upana wa ndani wa milimita 200 hubeba takriban lita 15,700. Kwa dozi ya miligramu 25 kwa lita, zinahitajika kama gramu 600 za unga wa klorini wa asilimia 65, na maji hayo hukaa saa 24. Baadaye bomba husafishwa na sampuli hupelekwa maabara. Siku hizo ndizo zinazoonekana kama uzembe.

Nyumba zikishaunganishwa, fungua kwanza koki ya nje iliyo karibu na mita ya maji mpaka maji yatoke meupe, ndipo uruhusu yaingie kwenye tangi. Usifunge pampu ya kunyonya moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, kwani unavuta na uchafu wa jirani. Usielekeze maji ya mvua kwenye chemba ya majitaka. Na ukiona lami imebonyea juu ya mtaro uliofukiwa, hata kwa kina cha kidole, toa taarifa siku hiyohiyo na zuia watoto kusogea.