Muswada Upewe Muda: Ninachotaka Kibadilike Kwenye Kanuni za Bunge

Ibara ya 63(3) ya Katiba yetu ya Tanzania inataja kazi za Bunge: kuuliza mawaziri maswali, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti, kuidhinisha mipango, kisha ndipo kutunga sheria, na mwisho kuridhia mikataba. Ratiba ya Dodoma nayo imekaa hivyohivyo. Aprili hadi Juni ni bajeti. Mikutano mingine ni mifupi, na humo miswada hugombea nafasi na maswali, hoja na taarifa za kamati. Kwangu mimi niliye kwenye uandishi wa sheria, uhaba huu wa muda wa miswada unatibika bila kugusa Katiba, maana ibara ya 89 inaliachia Bunge lenyewe kutunga Kanuni zake za Kudumu, yaani taratibu za kuendesha shughuli zake.

Chukua Juni 2019. Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali (Na. 3) uliletwa kwa hati ya dharura, ile inayoruhusu muswada kupitishwa haraka kuliko kawaida, bajeti ikielekea ukingoni. Uligusa sheria nane kwa mpigo, zikiwemo za makampuni, hakimiliki, filamu, takwimu na asasi zisizo za kiserikali. Ulipitishwa tarehe 27, siku chache tu baada ya kuonekana hadharani. Na Sheria ya Takwimu ilikuwa imerekebishwa 2018, nayo kwa muswada wa sheria mbalimbali. Mwaka haujatimia, ikarudi mezani kulegezwa. Sheria iliyochambuliwa vizuri hairudi haraka namna hiyo.

Dharura za kweli zipo. Ila Kanuni zitake hati ya dharura ije na sababu za maandishi, na wabunge wazipigie kura kabla muswada haujaanza safari. Marekebisho ya sheria mbalimbali yabaki kwa makosa madogo ya kiuandishi. Jambo la kisera lije na muswada wake.

Lakini moyo wa kazi uko kwenye kamati. Pale ndipo ibara husomwa moja baada ya nyingine, neno "anaweza" likipimwa dhidi ya "atapaswa", kwa sababu tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama afisa ana hiari au wajibu. Ukumbini mbunge ana dakika chache, na wapiga kura wake wanamsubiri ataje barabara na maji, simlaumu. Kwa hiyo kamati zitengewe wiki zisizogongana na vikao vya ukumbini. Wadau wapate muswada mapema, kwa Kiswahili, kwa kuwa tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu. Na taarifa ya kamati itaje kila pendekezo la wadau lililokataliwa, pamoja na sababu. Leo mdau hutoa maoni yake akaondoka bila kujua yameishia wapi.

Kuna pia sheria ndogo, yaani kanuni zinazotungwa na mawaziri na mamlaka nyingine chini ya sheria za Bunge, ambazo wengi hatuzitazami. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018, zilizowataka wenye blogu wakate leseni, zilitungwa na waziri, si kwa kura za wabunge. Kamati ya Sheria Ndogo ipo, na kazi yake ni muhimu sana, ila hupitia kanuni ambazo tayari zimekwisha kuchapishwa. Ningependa kanuni yoyote inayoweka ada, leseni au adhabu ya jinai ipite kwanza mbele ya kamati hiyo, kabla mwananchi hajaanza kutozwa.