Utafiti usio na watu?

Kwenye kamati yetu ya maadili ya utafiti, ombi likifika limeandikwa "data itatoka mtandaoni", wajumbe hushusha pumzi. Hakuna damu ya kuchukua, hakuna mgonjwa. Suala la ridhaa linarukwa, chai inaletwa. Nami nilikuwa hivyohivyo hadi niliposoma kisa cha Minnesota.

Agosti 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwatumia watunzaji wa kiini cha Linux, yaani sehemu kuu ya mfumo huo wa kuendeshea kompyuta, viraka vya programu (marekebisho madogo ya msimbo) kwa majina ya bandia. Viraka vilikuwa na mtego: vinaziba tundu dogo huku vikifungua kubwa. Walitaka kuona kama wakaguzi watashtuka. Kamati ya chuo ikaamua kwamba huo si utafiti unaohusu binadamu.

Hapo ndipo ninapokwama. Kwa kanuni za Marekani, mshiriki ni mtu aliye hai ambaye mtafiti anakusanya taarifa kumhusu, kwa mfano kwa kuwasiliana naye. Watafiti walisema wanachunguza utaratibu wa ukaguzi, si watu. Haya, lakini utaratibu hausomi kiraka. Anayekisoma ni mtu, mstari kwa mstari, pengine usiku baada ya kazi inayomlipa, na kikipita kibovu lawama ni zake.

Aprili 2021 viraka vingine vya kutia shaka vilifika kutoka kundi hilohilo. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu wa kiini hicho, akafungia michango yote ya chuo na kupendekeza viraka 190 vya nyuma ving'olewe. Vikakaguliwa upya kimoja kimoja, na vingi vikaonekana havina tatizo. Saa hizo zote nani alizilipa? Watafiti waliomba radhi na kuiondoa makala yao kwenye mkutano wa IEEE, jumuiya ya wahandisi.

Siku hizi swali langu ni moja: nani atapoteza muda wake, na umemwomba? Mwanafunzi mmoja wa uzamili alitaka kupachika makosa kwenye Wikipedia ya Kiswahili, apime yatasahihishwa baada ya muda gani. Nikamwambia afungue ukurasa wa mabadiliko ya karibuni. Akashuka nao kimya. Majina yaleyale machache yalikuwa yakijirudia.

"Hawa ndio washiriki wako," nikamwambia.

Tukafungua historia ya makala moja. Kila hariri imo, na tarehe na saa yake. Makosa halisi ya kupima yamejaa tele humo, na walioyasahihisha wameshamaliza kazi.

Aliandika ombi upya.