Usiku Mmoja wa Kupimwa Usingizi

Kwa kawaida anayelalamika si mgonjwa bali anayelala naye chumba kimoja. Yeye ndiye anayesikia mkoromo ukipanda, kisha kimya cha ghafla, kisha mtu anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu kama aliyeibuka majini. Mgonjwa hakumbuki lolote. Anachojua ni kwamba amelala muda wa kutosha lakini ameamka amechoka, kichwa kinamgonga, na mchana anasinzia hata akiwa anaendesha gari.

Hali hiyo hutufanya tushuku kukatika kwa pumzi usingizini, au apnia ya usingizi. Aina inayowapata wengi hutokana na misuli ya koo kulegea mno mtu anapolala, njia ya hewa ikaziba. Mchana misuli hiyo imekaza, ndiyo maana daktari anaweza kulimulika koo lako kwa tochi asione tatizo. Maswali kuhusu mkoromo, unene wa shingo na shinikizo la damu humwonyesha nani wa kutiliwa shaka, lakini hayathibitishi ugonjwa. Sharti upimwe umelala.

Unafika maabara jioni, na nguo zako za kulalia. Mtaalamu anakubandika vinasa umeme vidogo kichwani, kando ya macho, kidevuni, kifuani na miguuni. Chini ya pua kunawekwa mrija mwembamba unaopima hewa inayopita. Kidoleni, kibanio kinachosoma oksijeni ya damu. Hakuna sindano wala maumivu. Nywele zije safi, bila mafuta, na kucha zisiwe na rangi, la sivyo vifaa havisomi vizuri. Kahawa iache tangu mchana, lakini dawa zako usiziache bila kumuuliza daktari.

Kuna pia mikanda miwili, mmoja kifuani na mwingine tumboni, ambayo wagonjwa huidharau. Kwangu mimi hiyo ndiyo yenye siri kubwa. Hewa ikikatika puani huku kifua na tumbo vikiendelea kuhangaika, tunajua koo limeziba. Ikikatika na mikanda nayo ikatulia, basi ubongo ndio haukutoa amri ya kupumua, na huo ni ugonjwa wa aina nyingine, wenye matibabu yake.

Asubuhi rekodi hupitiwa kipande kwa kipande, kila kimoja cha sekunde 30. Pumzi huhesabiwa kuwa imekatika ikiwa hewa imesimama, au karibu kusimama, kwa sekunde 10 au zaidi. Tunahesabu pia pale inapopungua sana na kushusha oksijeni au kuugutusha ubongo. Jumla hugawanywa kwa saa ulizolala. Kwa mtu mzima, chini ya 5 kwa saa ni kawaida. 5 hadi 14 ni hafifu, 15 hadi 29 ni wastani, 30 na kuendelea ni kali. Kwa mtoto viwango hivi havitumiki: hata mara 1 kwa saa si ya kupuuzwa. Namba hiyo isisomwe peke yake, hata hivyo. Watu wawili wanaweza kupata 20, mmoja oksijeni yake ikashuka kidogo tu na mwingine ikaporomoka kila mara.

“Sitapata usingizi na nyaya zote hizi.” Tunalisikia karibu kila jioni. Ni kweli utalala vibaya kuliko nyumbani, lakini hatuhitaji usiku mzuri. Saa chache za usingizi mara nyingi hutosha. Ukitaka kwenda haja, nyaya zinachomolewa pamoja na unakwenda. Na tatizo likijitokeza wazi mapema, huenda tukakuamsha usiku wa manane tukuvishe barakoa ya mashine inayosukuma hewa, ili saa zilizobaki zitumike kutafuta nguvu ya hewa inayokufaa.

Wengine hupewa kifaa kidogo cha kujipimia nyumbani. Kinafaa kwa mtu mzima mwenye dalili za wazi asiye na ugonjwa mkubwa wa moyo au mapafu. Ila vingi kati ya vifaa hivyo havisomi ubongo, hivyo havijui ulilala saa ngapi hasa. Muda uliokuwa macho ukigeuka kitandani nao huingia kwenye hesabu na kuishusha. Majibu ya nyumbani yakisema uko salama na bado unasinzia mchana, rudi kwa daktari uombe kipimo kamili.