Chuma kisicho na kutu nacho huzeeka

Kwa ukavu wa hewa yetu ya Dodoma, wengi huamini kuwa chuma kisichoshika kutu hakizeeki. Si kweli. Itazame springi ya lori iliyokatika: upande mmoja wa mkato ni laini, una mistari kama ya ganda la kombe la baharini, ufa ulipotambaa taratibu kwa kila mtikisiko, upande wa pili umekwaruzika, palipokatika ghafla. Kutu haikuhitajika.

Aluminiamu inanishangaza zaidi. Mwaka 1906, Mjerumani Alfred Wilm aliona mchanganyiko wake wenye shaba, uliopashwa moto na kupozwa ghafla, ukizidi kuwa mgumu kwa kukaa tu siku chache. Atomi za shaba hujikusanya humo ndani. Leo watafiti huiga mwendo huo wa atomi kwa kompyuta, ili kukadiria kuzeeka kwa miongo ambayo maabara haiwezi kuisubiri.