Mrushaji nyota na hesabu ya chipukizi
Mashabiki wengi wa besiboli ya Marekani huamini kwamba timu ikipata nafasi ya kumchukua mrushaji nyota (anayemrushia mpigaji mpira) kutoka timu nyingine, itoe chipukizi wake, yaani wachezaji vijana walio bado ligi za chini, kwa kubadilishana bila kusita. Imani hiyo ina msingi: chipukizi wengi hawafiki ligi kuu. Ila mrushaji wa kuanza mechi hucheza takriban mara moja kila siku tano; kati ya mechi 162 za msimu, ataanza kama 32 tu, tena kiwiko kikimruhusu. Kano ikikatika akapasuliwa, mwaka mzima umeyeyuka. Chipukizi akifaulu, timu humshikilia takriban misimu 6, ile ya mwanzo kwa mshahara mdogo. Kwa hiyo tazama mkataba wa nyota umebakiza miaka mingapi, na ameanza mechi ngapi misimu 3 iliyopita.