Udhibiti wa maji ya mvua kwenye kiwanja: maana yake kwa anayejenga Kigoma

Anayejenga nyumba ya kwanza Kigoma/Ujiji huhangaika na mchoro, karatasi za kiwanja, bei ya saruji na fundi asiyepokea simu. Maji ya mvua huyakumbuka msingi ukiwa umeshapanda, mara nyingi siku jirani wa chini anapobisha hodi akiwa na mtendaji wa mtaa.

Udhibiti wa maji ya mvua ni mpango wa mwenye kiwanja wa kujua mvua inayonyesha kwenye eneo lake itaishia wapi. Ile ya kwenye paa, ya uani na ya kwenye njia ya gari lazima izame ardhini, ikingwe kwenye tenki, au iongozwe hadi kwenye mtaro unaotambulika, bila kuchimba barabara wala kuingia kwa mwenzako. Maji taka ni habari nyingine kabisa. Wapo wanaounganisha bomba la gata na shimo la choo kwa kuwa tu liko karibu. Mvua kubwa ikija, shimo linafurika na kilichokuwa ndani kinaelea uani.

Kwa nini nyumba mpya ndiyo inayoleta shida, wakati mvua ni ile ile ya miaka yote? Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa lenye eneo la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 40 kwa mchana mmoja, linapokea lita 4,800. Kiwanja kilipokuwa na nyasi na michikichi, sehemu kubwa ya maji hayo ilizama pole pole. Bati halinywi kitu. Yote yanashuka kwa mkupuo, na kama hakuna gata, yanadondokea mstari mmoja kando ya ukuta na kuula udongo ulioshika msingi. Bado hujahesabu ua uliomwagiwa zege au kutandikwa pevingi. Kigoma hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikinyesha kati ya Novemba na Aprili, kwa hiyo paa hilo moja hupokea karibu lita 120,000 kwa mwaka.

Halafu kuna mlima. Mji umekaa kwenye miteremko inayoelekea Ziwa Tanganyika, na kila anayejenga juu ana mtu chini yake. Udongo ukishavuliwa majani hukatika kirahisi. Kijifereji cha upana wa kiganja kikiachwa bila kushughulikiwa huwa korongo. Mahali pengine tatizo ni kinyume chake: maji yanafika bondeni na hayana pa kwenda. Wakazi wa kata ya Katubuka hawahitaji kuelezwa jambo hilo.

Kanuni zenyewe hazipo kwenye kitabu kimoja, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 ndiyo inayosimamia uendelezaji wa viwanja mijini, na kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu, au zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mitaro ya barabara nyingi za mitaa iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ya barabara kuu iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kibali halali cha nyumba na bado akawa na kosa pale getini.

Nenda mtaa wowote unaokua utaliona kosa hilo. Mtaro wa barabara unapita mbele ya kiwanja. Mwenye nyumba anataka gari liingie. Anaweka bomba jembamba, anamwaga zege juu, kazi imekwisha. Mvua inaposhuka na chupa za plastiki, matawi na mchanga, bomba linaziba. Maji yanaacha mtaro, yanapanda barabarani, na baada ya msimu mmoja bodaboda wanatafuta njia nyingine. Hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa kando uliotengwa kwa ajili ya barabara, si sehemu ya kiwanja chako, hata kama wewe ndiye unayeifagia kila asubuhi. Kivuko cha getini kinahitaji ruhusa ya mwenye barabara, na upana wake unatakiwa ulingane na maji ya mtaro mzima, si ya ua wako peke yake.

Ndani ya kiwanja, njia ya kwanza ni gata na tenki, na kwa maoni yangu ndiyo fedha inayorudi haraka kuliko zote. Lakini tenki hujaa, na mvua inayofuata hutafuta njia ya pembeni. Bomba la kutolea maji yanayozidi lazima lijulikane linaishia wapi. Njia ya pili ni shimo la kuzamisha maji, lililojazwa mawe, mbali na msingi na mbali na shimo la choo. Lipime kabla: chimba shimo dogo, lijaze maji, uangalie yanachukua muda gani kuisha. Yakilala humo hadi kesho yake, udongo huo haufai kwa kazi hiyo. Na kwenye mteremko mkali usilichimbe upande wa juu wa ukuta wa jirani. Udongo ukilowa unakuwa mzito, na ukuta wake ndio utakaoubeba.

Kuta za kuzuia udongo zina dawa yake ndogo ambayo mafundi wengine huiruka ili kuokoa shilingi chache: vipande vya bomba vinavyopenyezwa ukutani kwa safu, na kokoto nyuma yake, ili maji yatoke. Ukuta usio na vitundu hivyo hufura katikati kabla ya kuanguka.

Wakati wa ujenzi wenyewe, lundo la mchanga lililomwagwa mdomoni mwa mtaro ni kosa sawa na kuuziba kwa makusudi. Udongo huo ukisombwa huteremka hadi ziwani na kufunika mawe ya kando ambako samaki wengi wa Tanganyika hula na kuzaliana. Kazi ya kuchimba na kusawazisha ni heri ifanyike kati ya Juni na Septemba.

Mchoro wa kiwanja unaokwenda nao halmashauri uonyeshe mteremko unaelekea upande gani, mtaro wa karibu uko wapi, na maji ya paa yanatokea wapi. Mwombe mchoraji aweke mishale. Na kama bado hujanunua, usikitazame kiwanja wakati wa kiangazi peke yake. Rudi Februari, mvua ikiwa imetoka kunyesha, uangalie alama za tope kwenye kuta za jirani zimefika kimo gani.